Nyaya na Mipira Iliyozeeka ya Injini: Pima Kwanza, Badili Baadaye

Somo hili linamhusu mlaji anayemiliki, au anayekusudia kununua, gari lenye umri wa miaka kumi na mitano au zaidi. Magari ya umri huo ni mengi katika barabara zetu. Mengi yaliingia nchini yakiwa yameshatumika kwa miaka kadhaa, hasa nchini Japani, na bado yanatufaa kwa safari za kila siku endapo yatatunzwa ipasavyo. Hata hivyo, chini ya boneti la gari kama hilo kuna vitu viwili ambavyo huzeeka kimya kimya: nyaya za injini, na mipira midogo inayopitisha mvuto wa hewa. Vikichakaa, huzaa kasoro zinazofanana na ugonjwa wa sensa, wa pampu ya mafuta au wa kompyuta ya gari. Hapo ndipo mlaji anapouziwa kifaa kimoja baada ya kingine bila gari kupona.

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji ataweza:

(a) kuzitambua dalili za nyaya na mipira iliyozeeka;
(b) kufanya mwenyewe vipimo vichache visivyo na hatari;
(c) kujua ni wakati gani waya uungwe na ni wakati gani fungu zima libadilishwe;
(d) kupatana na gereji kwa namna itakayolinda fedha zake na usalama wake.

1. Vitu tunavyovizungumzia

Fungu la nyaya za injini, ambalo mafundi wengi huliita wayaringi, ni mkusanyiko wa nyaya zilizofungwa pamoja kwa tepu au kuingizwa ndani ya bomba la plastiki. Nyaya hizo huunganisha kompyuta ya gari na sensa, koili za plagi, nozeli za mafuta na vifaa vinginevyo. Kila waya una shaba ndani na ganda la plastiki nje. Shaba hudumu kwa muda mrefu. Kinachokufa kwanza ni ganda.

Mipira ya mvuto wa hewa, inayojulikana katika gereji kama mipira ya vakyumu, hutumia ombwe linalotokea injini ya petroli inapovuta hewa. Katika injini nyingi za dizeli, ombwe hilo hutengenezwa na pampu yake maalumu. Kazi ya mipira hii hutofautiana kwa aina ya gari, lakini iko kazi moja ambayo kila mlaji anapaswa kuifahamu: katika magari mengi, mpira mmoja mnene huenda kwenye busta ya breki, yaani chombo cha duara kinachoufanya mguu wa dereva usitumie nguvu nyingi kusimamisha gari. Mpira huo ukipasuka, breki hazipotei kabisa, lakini pedali huwa ngumu mno na gari huchelewa kusimama.

2. Kwa nini huzeeka hata gari lisipotembea sana

Wauzaji wengi husifu gari kwa kuonyesha kilomita chache kwenye dashibodi. Kilomita ni kipimo kizuri cha uchakavu wa vyuma, lakini si kipimo cha umri wa plastiki na mpira. Plastiki ya nyaya hulainishwa kwa kemikali zinazoifanya ikunjike bila kukatika. Joto la injini huzifukuza kemikali hizo kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Mafuta yanayovuja juu ya injini nayo huiharibu mipira. Katika miji ya pwani, chumvi na unyevu huingia kwenye soketi na kuota kutu ya kijani juu ya shaba. Panya nao wakijenga kiota chini ya boneti, kazi ya miaka hufanyika kwa usiku mmoja.

Wakati mwingine kasoro hutoka kiwandani. Mfano unaojulikana sana ni wa magari kadhaa ya Mercedes-Benz yaliyoundwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990. Ganda la nyaya za injini zake lilitengenezwa kwa plastiki ambayo, kwa joto, hukauka na kubanduka kama ganda la yai, na kuiacha shaba wazi. Gari lililoegeshwa bandani halikunusurika kwa sababu ya kuegeshwa. Magari ya Volvo ya miaka ya 1980, yakiwamo ya aina ya 240, nayo yanajulikana kwa nyaya za injini zilizobanduka kwa namna kama hiyo. Fundisho kwa mlaji ni hili: kabla ya kununua gari la zamani, uliza kama aina hiyo na mwaka huo una historia ya nyaya mbovu, na kama fungu limewahi kubadilishwa.

3. Dalili

Dalili za nyaya zilizozeeka hubadilika-badilika, na kubadilika huko ndiko kunakozitambulisha. Gari huzimika likipata moto na kuwaka tena likipoa. Injini hupata misi wakati wa mvua au baada ya kuoshwa. Taa ya injini kwenye dashibodi huwaka Jumatatu na kuzimika Jumatano. Fyuzi moja huungua mara kwa mara bila sababu inayoonekana.

Dalili za mipira iliyopasuka huonekana zaidi injini inaponguruma gari likiwa limesimama, hali ambayo mafundi huiita sailensa. Mzunguko wa injini hupanda na kushuka, au hubaki juu kupita kawaida. Husikika mlio kama wa nyoka chini ya boneti. Pedali ya breki huwa ngumu. Katika magari ya zamani yenye gia za kujiendesha zinazoongozwa kwa ombwe, gia huingia kwa kishindo. Katika Mercedes-Benz za dizeli za aina ya W123, ombwe ndilo linalozima injini. Mpira ukivuja, dereva hutoa ufunguo na injini ikaendelea kunguruma.

Ni muhimu kuelewa namna mpira wa bei ndogo unavyomsingizia sensa ya bei kubwa. Magari mengi hupima hewa mlangoni, kisha kompyuta huamua kiasi cha petroli kinachoifaa hewa hiyo. Mpira ukipasuka baada ya kipimo, hewa nyingine huingia bila kuhesabiwa. Petroli huwa haba kwa hewa iliyopo, na kompyuta huandika namba ya kasoro, kwa mfano P0171. Namba hiyo maana yake ni kwamba mchanganyiko una petroli pungufu. Haimaanishi kwamba sensa imekufa. Namba ya kompyuta hutaja ugonjwa, haitaji kifaa cha kununua. Fundi anayesoma namba na papo hapo kuagiza sensa, bila kipimo kingine, anabahatisha kwa fedha za mteja.

4. Vipimo vitatu ambavyo mlaji anaweza kuvifanya

Kipimo cha kwanza ni cha macho na vidole. Fanya hivyo injini ikiwa imepoa na ufunguo umetolewa. Tafuta mahali ambapo nyaya zinatoka kwenye bomba lake karibu na injini, kwa kuwa hapo joto ni kali. Sogeza waya mmoja kidogo tu, bila kuukunja kwa nguvu. Ganda zima hukunjika na kurudi. Ganda lililokufa huonyesha nyufa, hutoa sauti ya kukatika, au hubanduka vipande. Kwa mipira, bonyeza kwa kidole: ulio hai hurudi kama ulivyokuwa, uliokufa huwa mgumu kama kijiti, au umelainika na kunata kwa sababu ya mafuta. Angalia zaidi ncha za mpira, kwa sababu hapo ndipo hupasuka kwanza.

Kipimo cha pili ni cha breki. Gari likiwa mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa na injini imezimwa, kanyaga pedali mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, huenda mpira wa busta, vali yake ya upande mmoja au busta yenyewe ina kasoro. Gari hilo lisiende safari mpaka fundi aliangalie.

Kipimo cha tatu ni cha daftari. Andika siku, saa, hali ya hewa, na kama injini ilikuwa ya moto au baridi kila kasoro inapotokea. Kasoro ya nyaya hupenda kujificha mbele ya fundi. Maelezo ya wiki mbili yaliyoandikwa vizuri humwokolea fundi saa nyingi za kutafuta, na humwokolea mlaji gharama ya saa hizo.

Onyo: mlaji asiguse nyaya zenye soketi za manjano. Kwa kawaida hizo ni za mifuko ya hewa ya usalama, ambayo inaweza kufumuka na kujeruhi.

5. Vipimo vya kuidai gereji

Fundi makini ana njia za kuthibitisha kabla ya kubadili. Kwa mipira, njia bora ni kuingiza moshi maalumu kwenye njia ya hewa na kutazama unapotokea. Gereji isiyo na mashine hiyo inaweza kutumia geji ya ombwe. Kwa injini nyingi za petroli zenye afya, zikiwa katika sailensa, geji husoma kati ya inchi 17 na 22 za zebaki katika usawa wa bahari, na sindano hutulia. Kipimo hupungua kwa takriban inchi moja kwa kila mita 300 za kwenda juu. Kwa hiyo gari linalosoma 19 Dar es Salaam linaweza kusoma 14 au 15 Arusha bila kuwa na ugonjwa wowote. Mlaji asikubali kubadilishiwa vifaa kwa sababu tu kipimo cha Arusha si sawa na kilichoandikwa kitabuni.

Wapo mafundi wanaopulizia petroli kwenye mipira huku injini ikinguruma ili wasikie kama mlio utabadilika. Mlaji akatae njia hiyo. Petroli ikiangukia bomba la moshi lenye joto au waya ulio wazi, gari linaweza kuungua lote.

Kwa nyaya, fundi atumie mita kupima upotevu wa umeme kifaa kikiwa kinafanya kazi. Kupima tu kama waya "unapitisha" hakutoshi, kwani waya uliobakiwa na nyuzi mbili za shaba hupitisha umeme mdogo wa mita, ila hushindwa kubeba mzigo. Pia apime ardhi ya injini: wakati wa kuwasha, tofauti kati ya ncha hasi ya betri na chuma cha injini isizidi nusu volti. Mara nyingi kasoro iliyodhaniwa kuwa ya kompyuta huisha kwa kusafisha ncha ya waya wa ardhi iliyoota kutu.

6. Kuunga au kubadili fungu lote?

Swali hili ndilo lenye gharama kubwa. Tunashauri kanuni ifuatayo. Ikiwa uharibifu uko mahali pamoja na sababu yake inajulikana, kwa mfano waya ulisuguliwa na chuma au ulitafunwa na panya, na sehemu nyingine zote bado zinakunjika vizuri, kuunga kunatosha. Ikiwa ganda linapasuka mahali pawili au zaidi palipo mbali mbali, basi fungu zima limezeeka. Kuunga hapo ni kulipia kazi ileile mara nyingi. Mbaya zaidi, nyaya mbili zilizo wazi zikigusana zinaweza kuunguza kompyuta ya gari au kuwasha moto.

Kuunga kuzuri kuna masharti yake. Waya mpya uwe na unene sawa na wa zamani na uwe wa kutumika kwenye magari. Waya wa kawaida wa nyumbani umeundwa kuhimili nyuzi joto 70 za Selsiasi, ilhali nyaya bora za injini huhimili 125. Kiungo kibanwe kwa koleo maalumu au kiunganishwe kwa risasi, kisha kifunikwe kwa bomba dogo linalosinyaa kwa joto. Kusokota shaba kwa vidole na kuzungushia tepu si kuunga, ni kuahirisha.

Iwapo fungu lote litabadilishwa, mlaji ana njia tatu. Ya kwanza ni fungu jipya la kiwandani. Lina gharama kubwa, na kwa magari ya zamani sana huenda lisipatikane. Ya pili ni fungu lililosukwa upya, ambapo fundi wa umeme huhifadhi soketi nzima na kuweka nyaya mpya kwa vipimo vile vile. Njia hii inaweza kuwa nzuri sana mikononi mwa fundi mwenye subira. Mlaji aulize kama nyaya za baadhi ya sensa zilizozungushiwa wavu wa chuma zitarudishiwa kinga hiyo, maana bila kinga kompyuta hupokea ishara za uongo. Ya tatu ni fungu lililotolewa kwenye gari lililovunjwa. Hapa mlaji awe macho: fungu la gari la mwaka uleule lina umri uleule na ugonjwa uleule. Kwa Mercedes-Benz tulizozitaja, kununua fungu kuukuu la miaka hiyo ni kununua kasoro kwa mara ya pili. Tafuta lebo ya tarehe kwenye fungu, na ulikunje mbele ya muuzaji kabla ya kulipa.

7. Kubadili mipira

Mipira ya ombwe haina sababu ya kubadilishwa mmoja mmoja kila mwaka. Ikiwa miwili imekufa kwa uzee, mingine ya umri huo iko njiani. Kubadili yote kwa siku moja huokoa gharama ya ufundi. Lakini kazi yenyewe ifanywe mpira mmoja kwa wakati: utolewe wa zamani, uwekwe mpya, ndipo uguswe unaofuata. Anayeitoa yote pamoja hujikuta na ncha kumi asizojua zinarudi wapi. Kupiga picha kabla ya kuanza ni kinga isiyogharimu kitu.

Mlaji azingatie mambo matatu. Kwanza, kipenyo cha ndani kiwe sawa na cha zamani. Mpira mpana uliobanwa kwa waya utavuja. Pili, mpira wa silikoni huhimili joto vizuri lakini hauvumilii petroli wala mvuke wa oili, hivyo usitumike kwenye njia hizo. Tatu, mpira wa busta ya breki uwe ule uliotengenezwa kwa kazi hiyo, wenye ukuta usionyonywa na kujibana, na vali yake ya upande mmoja irudishwe ikielekea ilikokuwa. Mpira wa maji au wa gesi ya kupikia usitumike kamwe hapo.

8. Mapatano na gereji

Kabla ya kazi, mlaji aombe makadirio kwa maandishi yanayotenganisha gharama ya kutafuta kasoro, bei ya vifaa na gharama ya ufundi. Kutafuta kasoro ya nyaya ni kazi halali inayostahili malipo hata kama kifaa kilichobadilishwa hatimaye ni mpira mmoja. Mlaji anayekataa kulipia kipimo humsukuma fundi atafute faida yake kwenye vifaa, na hasara humrudia mwenyewe.

Iandikwe pia kwamba hakuna kifaa cha ziada kitakachonunuliwa bila ridhaa ya mteja. Kwamba vifaa vya zamani vitarudishwa kwake. Na kwamba kazi ina dhamana ya muda uliotajwa. Baada ya malipo, adai risiti halali ya kielektroniki inayotaja kazi iliyofanyika. Bila karatasi hizo, malalamiko hubaki maneno ya huyu dhidi ya yule.

Tuchukue mfano. Mteja ameambiwa sensa ya hewa imekufa. Amenunua nyingine, na taa ya injini imewaka tena baada ya siku mbili. Sasa anaambiwa anunue pampu ya mafuta. Mteja huyu ana haki ya kuuliza maswali mawili kabla ya kutoa fedha nyingine: ni kipimo gani kilichoonyesha kwamba sensa ilikuwa mbovu, na ni kipimo gani kinachoonyesha kwamba pampu ni mbovu? Kama jibu ni "kwa uzoefu wangu," asimamishe kazi, achukue sensa yake ya zamani, na apeleke gari likapimwe uvujaji wa hewa. Uzoefu ni msaada katika kuchagua kipimo, wala si badala ya kipimo.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kuwapotosha walaji katika biashara. Kumwambia mteja kwamba kifaa ni kipya ilhali ni kuukuu, au kwamba kimebadilishwa ilhali hakijaguswa, si ujanja wa kawaida wa mjini. Ni jambo la kulalamikiwa. Anza kwa kuiandikia gereji na kuipa nafasi ya kurekebisha. Ikishindikana, wasilisha lalamiko Tume ya Ushindani pamoja na makadirio, risiti, picha na vifaa vya zamani.

9. Maswali ya kujipima

1. Gari la miaka ishirini lina kilomita 60,000 tu. Je, kilomita hizo zinathibitisha kwamba nyaya zake ni nzima? Eleza.
2. Pedali ya breki haikushuka injini ilipowashwa. Taja vitu vitatu vinavyoweza kuwa vibovu, na hatua ya kwanza utakayochukua.
3. Fundi amesoma namba P0171 na kuagiza sensa mpya. Utamwomba afanye kipimo gani kabla hujalipa?
4. Ganda la nyaya limepasuka karibu na koili na pia karibu na sensa ya joto, upande wa pili wa injini. Je, utaunga au utabadili fungu? Kwa nini?
5. Taja mambo manne ambayo makubaliano yako na gereji yanapaswa kuwa nayo kwa maandishi.

Mlaji anayeweza kuyajibu maswali haya hahitaji kuwa fundi. Anahitaji tu kusimama kando ya gari lake, makadirio mkononi, na kuomba aonyeshwe kipimo kabla ya kuonyeshwa bei.